Masafa ya Kuazima Kisiwani Chisenga

Vijana wangu wa mnara wa Kashikishi, funguo za banda la betri nimeziacha kwenye msumari nyuma ya mlango. Yule paka si mali ya ushirika, ni wangu, na nitamfuata wiki ijayo. Hayo ndiyo makabidhiano yangu rasmi ya kustaafu. Yasiyotundikwa kwenye msumari nimeona niyaandike, kwa sababu mmekuwa mkiniuliza vipande vipande wakati wa chai, na kila mara kabla sijafika mwisho mtu anaitwa akakaze waya fulani.

Mtauliza kwa nini Kiswahili. Kibemba chenu nakijua, na Kiingereza cha ripoti nimekiandika mpaka nikachoka nacho. Lakini mafundi wenzetu wa Kilwa na Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nao wameniomba habari hizi, na Kibemba cha maandishi hakiwapiti kooni. Mama yangu alizaliwa Pweto. Alinilea kwa Kiswahili chake hapa Nchelenge huku nje nikicheza kwa Kibemba na watoto wa majirani. Kiswahili cha vitabuni nilijifunza mwenyewe ukubwani, kwa ukaidi tu. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza lilitokea mara chache, na la pili lilitokea kwa kuchelewa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika chumba cha redio cha hospitali. Walitaka mtu anayejua lugha tatu na asiyeogopa umeme. Lugha nilikuwa nazo. Umeme nilisema siuogopi kwa sababu nyumbani hatukuwa nao. Bosi wangu alikuwa ba Kapambwe. Hiyo "ba" mbele ya jina ni heshima yetu ya Kibemba, na yeye aliistahili, ingawa alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Siku hiyo ya kwanza nilishika kipaza sauti nikaanza kuita kituo cha afya cha Kafutuma kwa sauti ya mtu anayeuza mihogo sokoni. Ba Kapambwe akaninyang'anya kile kidude, akakizima.

"Sikiliza kwanza," akaniambia. "Hewa si yako peke yako."

Wiki nzima hakuniruhusu kusema neno. Nilikaa na vifaa vya masikioni nikisikiliza mikwaruzo, mvua ya mbali, madereva wa malori, na kituo cha Puta kikizungumza na kile cha kisiwa cha Chisenga. Nilidhani ananionea. Baadaye nilikuja kuona kwamba fundi wa redio asiyejua kusikiliza hubadilisha vipuri vizima na kuviacha vibovu, na nimekutana na wengi wa namna hiyo, wengine wana magari mazuri.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuchekesha. Tulikuwa na kipimo cha umeme chenye sindano iliyopinda, hivyo kila hesabu tuliipunguza kidogo. Chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye mkaa umeme ulipokatika, na ulikatika kwa bidii. Maji ya betri yalitoboa vitenge vyangu vyote mpaka mama akasema nimeajiriwa na nondo, wale wadudu wa kula nguo. Paneli za jua za visiwani zilikuwa zikifunikwa na kinyesi cha ndege na magamba ya samaki, na nusu ya miito ya "redio imekufa" niliyoiendea kwa boti niliitibu kwa ndoo ya maji na kitambaa. Chukueni ndoo, hata leo. Hakuna kompyuta iliyoweza kuosha paneli.

Sasa niseme la Chisenga, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini baadaye nilipigana vile. Kisiwa kile kina kambi za wavuvi na kituo kidogo cha afya, na muuguzi wake ni Sista Chilufya. Alipelekwa huko akiwa bado msichana, wote wakamwambia ni kwa muda mfupi. Msimu mmoja wa mvua radi ilipiga redio yake. Kipuri kiliagizwa, kikakaa njiani. Katikati ya kungoja huko, mwanamke mmoja aitwaye Mwape alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Sista alituma boti itufuate, na siku hiyo ziwa lilichafuka, boti ikazungushwa na mawimbi asubuhi yote. Mimi nilikuwa katika chumba cha redio nikiita Chisenga kwa zamu, kama ratiba ilivyotaka, na kila nilipoachia kitufe nilisikia mvumo tu. Boti ilifika mchana. Boti yetu ya hospitali ilipofika kule, Mwape na mtoto walikuwa wameshafunikwa shuka. Nililia pale mezani mbele ya ba Kapambwe, na yeye hakuniambia ninyamaze. Tangu siku ile mvumo mtupu wa redio siupendi, hata katika redio ya jikoni.

Miaka ikaenda, simu za mkononi zikaja. Minara ikapanda kufuata barabara kutoka mji wa Mansa, kwa sababu mitambo, kama watu, inapenda barabara. Nikahama hospitali nikaingia katika kazi za minara: kupanda, kufunga antena, kushuka, kugombana na mchwa. Wanaume walikuwa wakisimama chini kutazama kama mwanamke atashuka salama, nami nilikuwa nikishuka salama ili kuwaudhi. Kashikishi ikapata mtandao, Nchelenge ikapata, Puta ikapata kiasi. Chisenga haikupata. Kila kampuni ilituma mtu, akahesabu vibanda vya wavuvi, akarudi mjini, na hatukumsikia tena.

Na jambo lililokuwa likiniudhi kuliko yote ni kwamba njia ilikuwepo. Hewani, masafa yamegawanywa kama viwanja. Kampuni moja kubwa, sitaitaja, ilikuwa na haki ya mkanda mmoja mzuri kwa nchi nzima, masafa ya chini yanayopita juu ya maji bila kuchoka. Mijini waliutumia mchana na usiku. Huku kwetu waliutumia kwa kiungo kimoja tu cha mawimbi, kutoka mnara wa Kashikishi kwenda mnara wao wa Puta. Sehemu iliyobaki ya mkanda ilikuwa imelala, na juu yake imeandikwa jina la mtu.

Ndipo mamlaka ya mawasiliano ilipoleta utaratibu mpya: masafa yaliyolala yaweze kuazimwa. Mwenye masafa anabaki mwenyewe. Mdogo, asiye na masafa yake, anaruhusiwa kutumia pale ambapo mwenyewe hatumii, kwa sharti kwamba asimsumbue hata chembe. Redio ya mdogo huuliza kwanza kwa kompyuta iliyoko Lusaka kama njia iko wazi, na ikiambiwa mwenyewe anapita, inakaa pembeni. Nilipoisoma kanuni ile nilicheka peke yangu. Ba Kapambwe alikuwa ameshanifundisha kanuni hiyo hiyo, bila kompyuta.

Tukaunda ushirika wetu mdogo wa mtandao, nami nikawa fundi mkuu, na kwa muda mrefu fundi mdogo pia. Kutoka Lusaka alitumwa mhandisi wa kutusimamia katika majaribio, Mutinta, binti mpole mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Aliniita bamayo, yaani mama, tangu siku ya kwanza, nami nikamwita mwanangu, na hatukuwa na haja ya kutambulishana zaidi. Kwenye mkutano wa wavuvi Chisenga waliniuliza masafa ni nini. Nikawaambia: una shamba, hujalilima mwaka huu, jirani anaomba apande mihogo yake humo; ukirudi na jembe, anaondoka. Mzee mmoja akauliza kama jirani huyo huwa anaondoka kweli. Nikamwambia hilo ndilo tunalokwenda kujaribu.

Vipimo vya kwanza Mutinta alivifanya Januari. Kila mtu wa hapa anajua Januari ni nini: uvuvi umefungwa tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaane, kambi zimebaki na mbwa na nyavu tu, na nyumba za wageni zina nafasi. Watu wa vipimo hupenda kuja wakati huo kwa sababu vitanda vipo. Mkanda ulionekana safi kabisa pwani yote. Machi, tukawasha. Mtandao wa kizazi kipya ukatoka mnara wa Kashikishi, ukavuka maji, ukafika kituo cha Sista Chilufya. Alinipigia simu ya picha, amevaa kofia yake ya kazi imekaa upande, asijue aseme nini. Akanionyesha ukuta, akanionyesha mzani wa watoto, akanionyesha mbuzi aliyepita mlangoni. Nilifurahi mpaka nikakaa chini kwenye ngazi za mnara.

Furaha hiyo haikumaliza mwezi. Bwana Siame, ofisa wa ile kampuni kubwa, alitupigia simu kwamba kiungo chao cha Puta kinakatika asubuhi. Kabla ya Machi kilikuwa kizima. Machi mmewasha ninyi, akasema, Machi kimeanza kuugua; mnataka niseme ni nani? Si mtu mbaya, Bwana Siame. Alikuwa na wateja Puta wanaomfokea, na mbele yake palikuwa na mtuhumiwa mmoja tu. Mamlaka ikamsikiliza, kama ilivyopaswa, ikatuambia tuzime kwa wiki moja tuone.

Tukazima. Kiungo cha Puta kikapona, wiki nzima hakikukohoa. Tukawasha tena, zikapita siku chache, kikaanza kukatika. Ushahidi gani tena mtu anautaka? Hata mimi, niliyefunga kila skrubu kwa mkono wangu, nilianza kuitazama mitambo yangu kwa jicho la pembeni. Mamlaka ikasema majaribio yatafungwa mwisho wa mwezi unaofuata kama hatutaleta maelezo, na mitambo ya Chisenga ishushwe.

Nilikwenda kisiwani mwenyewe kumwambia Sista. Kwa wiki zile chache alikuwa ameshazungumza na daktari kuhusu mtoto aliyemeza sarafu, mvuvi aliyekatwa na panga la injini, na mama mmoja mwenye presha aliyevushwa kwa boti mapema kabla mambo hayajaharibika. Alinisikiliza huku akikunja bandeji. Hakunilaumu. Aliniambia kwa Kibemba, polepole, kwamba zamani alivumilia ukimya kwa sababu hakujua kitu kingine.

"Sasa nimeshazoea kujibiwa," akasema. "Mkinizimia sasa, bamayo, sitaweza kubaki hapa."

Na mimi nilimwamini. Kisiwa kingebaki bila mtandao na bila muuguzi. Nilirudi Kashikishi nimekasirika, na hasira yangu haikuwa na mtu wa kuiangukia, ambayo ni hasira mbaya kuliko zote.

Tuliangalia kila kitu. Tulibadilisha vichujio, tukapunguza nguvu, tukageuza antena. Mimi nikasema ni upepo wa asubuhi unaotoka ziwani, unalainisha hewa na kuvuta mawimbi ya Kongo mpaka huku. Jambo hilo lipo, kila fundi wa pwani analijua, na kila fundi wa pwani hulitaja anapokosa la kusema. Mutinta hakubishana. Alikaa chini na michoro yake ya kiungo cha Puta tangu Machi, akachorea rangi nyekundu asubuhi zote mbaya na kijani asubuhi nzuri. Kisha akaniita. Akanionyesha kwamba nyekundu haikutapakaa ovyo. Ilikuja kwa mkupuo, ikaondoka, ikarudi. Na katika Machi yenyewe, mitambo yetu ikiwa imewaka bila kuzimwa hata saa moja, kulikuwa na mkupuo wa kijani kitupu.

Akatafuna kalamu. Kisha akaniuliza swali ambalo nililiona la kitalii.

"Bamayo, hawa chisense wenu, huwa wanavuliwa mwezi ukiwa mpevu?"

Chisense ni dagaa wetu. Huvuliwa gizani kwa taa. Mwanga wa taa huwaita, wavu huwachota. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina taa, chisense hawasogei, wavuvi hulala nyumbani na wake zao hulalamika. Mtoto wa miaka mitano wa Kashikishi anajua hivyo. Lakini Mutinta alikuwa mtu wa Siavonga, kwenye ziwa la Kariba, ambako dagaa huvuliwa vilevile kwa taa, na baba yake alifanya kazi kwenye zile boti. Mimi niliyezaliwa na harufu ya chisense puani nilihitaji mtu wa kusini aje kunieleza mwezi wangu. Tulilinganisha michoro na kalenda. Kijani kilikaa juu ya mwezi mpevu kila mara. Wiki tuliyoamriwa kuzima ilikuwa wiki ya mwezi mpevu! Tulijihukumu wenyewe kwa kuzima siku ambazo mkosaji, awe yeyote yule, alikuwa amelala. Na vipimo vya Januari navyo vilikuwa safi kwa sababu hiyo hiyo, pwani haikuwa na samaki wala mtu. Kelele zetu zilikuwa zikifuata samaki.

Nilicheka mpaka machozi. Mutinta alidhani nimepatwa na kitu.

Giza la mwezi liliporudi tulitoka asubuhi na antena ya mkono na kipima masafa, tukafuata ufukwe kaskazini ya Kashikishi. Ni saa ambayo boti zimeshafika na pwani yote inang'aa kwa chisense walioanikwa mchangani, wanawake wanawageuza kwa fagio, na wanunuzi wa Kongo wanazunguka wakionja. Mutinta alikuwa akigeuka na antena yake, watu wakimwuliza kama anatafuta dhahabu. Kelele ilizidi kila tulivyosogea kwenye nyumba moja ya bati kando ya kambi. Juu ya paa kulikuwa na mlingoti wa mti, juu yake antena imeelekezwa Kilwa, na chini ya dirisha betri ya gari.

Ilikuwa busta. Wote mnalijua dude hilo: linashika mtandao hafifu wa mbali, linaukuza, linaumwaga chumbani. Lile lilikuwa la bei rahisi, linakuza kila kinachopita, na antena yake ya ndani ilining'inia karibu mno na ya nje, hivyo lilikuwa likijisikia lenyewe na kujijibu. Ni kama kipaza sauti cha kanisani kinapowekwa mbele ya spika. Ule mlio, masikio ya mtu hayausikii, lakini mnara wetu uliusikia, na kiungo cha Puta kilizibwa masikio kila asubuhi.

Mwenye nyumba alitoka akiwa na chisense mkononi. Alijitambulisha kuwa Maman Feza, mnunuzi kutoka Kilwa, na akasema kama tunatoka ushuru, ushuru ameshalipa. Mutinta alikuwa na uwezo wa kuita maofisa wa mamlaka waje wachukue lile dude siku hiyo hiyo. Nilimwomba aniachie kwanza mimi na Kiswahili cha mama yangu. Nikakaa kwenye gunia, nikamwuliza Maman Feza mashine ile inamfanyia kazi gani.

"Miye niko natafuta rezo ya kwetu," akasema. "Mashini hii nilinunua mwaka huu, wakati ziwa ilifunguliwa. Bakiliya bangu beko Lubumbashi. Kila asubuyi banataka kujua samaki iko namna gani mbele ya kutuma camion. Nisipowaita mapema, bananunua kwa mwingine. Mwezi ikiwa mukubwa, samaki hakuna, njo ninazima, ninaenda kwetu kuona batoto."

Rezo ni mtandao, bakiliya ni wateja, camion ni lori, njo ni ndipo; na hiyo ndiyo kalenda yetu, imesemwa na mwenyewe. Nikamweleza kuhusu kisiwa, kuhusu Sista Chilufya, na kwamba mashine yake inakata simu za Puta na itatuzimia Chisenga. Alisikiliza vizuri. Lakini hakuwa mtu wa kupewa huruma akasahau biashara.

"Mama, ninasikia. Sipendi mutoto wa mutu akufe juu ya mashini yangu. Lakini ukinizimia, nami ninakufa. Unipe kwanza ingine njia, njo nitazima."

Alikuwa na haki, nami nilimwambia hivyo. Nikachukua simu yake, nikaiunganisha kwenye mtandao wetu wa kuazima, ule ule uliokuwa ukituhumiwa, nikamwambia amwite mteja wake kwa picha. Maman Feza alitazama simu kwa mashaka, akapiga. Lubumbashi ikaitika. Uso wa mwanamume mnene ukajaza kioo, na Maman akaigeuza simu kuelekea mchangani, akamwonyesha chisense wake, akawachota kwa kiganja, akawasogeza karibu mpaka mteja angeweza kuhesabu macho yao. Miaka yote alikuwa akiwasifu kwa maneno. Yule bwana akaacha kubishana, akasema anachukua wote walio mchangani na walio botini.

Maman Feza akaweka simu mfukoni, akaingia ndani, akang'oa waya kwenye betri.

"Rezo yenu ikikufa," akaniambia, "nitarudisha mashini yangu juu ya paa, na utakuja kunikamata mbele ya batu yote."

"Ikikufa, mama, nitakuja kukupandishia miye mwenyewe."

Wakati huo Mutinta alikuwa kwenye simu na Bwana Siame, ambaye alikuwa ameketi mbele ya skrini yake mjini. Alimwambia atazame kiungo cha Puta. Nikasikia sauti ya Bwana Siame kutoka pale nilipokaa: kimenyooka, akasema, kimenyooka kabisa, mmefanya nini?

Busta halikuwa moja, yalikuwa kadhaa ufukweni kote, yote mapya ya msimu huo, lakini kazi ya kuyashusha hatukuifanya sisi. Aliifanya Maman Feza. Alipita nyumba kwa nyumba kwa wanunuzi wenzake, akiwaonyesha ile simu ya picha na kuwafokea kwa Kiswahili ambacho sithubutu kukiandika hapa. Wiki yote ya giza ilipita, boti zikitoka na kurudi, taa zikiwaka ziwani, mitambo yetu ikiwa hewani bila kuzimwa, na kiungo cha Puta hakikukatika. Bwana Siame alifuta malalamiko yake mwenyewe, kwa maandishi, na akatupigia kuomba radhi, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Mamlaka ikatupa ruhusa ya kudumu, na siyo ya Chisenga peke yake: pwani yote, Kafutuma nako ndani, na kwingineko ambako masafa yamelala.

Siku tulipopeleka habari kisiwani walikuwa wameshazisikia, maana sasa wana mtandao. Walitupokea kwa ngoma, wakamnyanyua Mutinta juu na buti zake, na mzee yule wa mkutano akaja kunishika mkono akasema jirani ameondoka kweli shambani alipoambiwa, na akarudi alipoitwa, kwa hiyo ameniamini. Sista Chilufya hakucheza. Alisimama mlangoni pa kituo amefumbata mikono, akitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Na mimi nilicheza, magoti yasiyotaka yakalazimika. Nimefanya kazi nyingi za haki na chache za kujivunia. Hii naijivunia, na sitajifanya mnyenyekevu kwa ajili ya adabu.

Mutinta alirudi Lusaka, akatumwa maziwa mengine kufanya yale yale, na ninasikia huanza kwa kuuliza habari za mwezi. Mimi niliendelea mpaka mwezi uliopita.

Wiki yangu ya mwisho kazini ilipiga dhoruba mbaya, mnajua, mlikuwepo. Mnara wa ile kampuni kubwa kule Puta uliinama, antena yao ikaanguka, na Puta yote ikawa gizani kwa upande wao. Asubuhi simu ikalia mezani kwangu. Alikuwa Bwana Siame. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama mlangoni kwa jirani na sahani tupu. Alisema mafundi wao hawatafika kabla ya Jumatatu, barabara imekatika, na wateja wake wanataka kuita hospitali.

"Bamayo," akasema, "tunaweza kupita kwenu? Mtuazime njia mpaka tusimame?"

Nikamwambia inawezekana, kwa furaha, na bure. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kugeuza mtambo mmoja, na kuukatisha mtandao wa kisiwa kwa dakika chache wakati nikiunganisha. Nikanyoosha mkono kwenye swichi. Kwenye skrini nikaona taa ya kisiwa inawaka, ishara kwamba kuna simu njiani kati ya kituo cha afya na hospitali. Sista Chilufya alikuwa hewani na daktari, bila shaka mtu fulani alikuwa amelazwa mbele yake, na kule kisiwani swali lilikuwa likiulizwa na jibu lilikuwa likifika.

Nikauondoa mkono.

"Ngoja kidogo, Bwana Siame," nikamwambia. "Chisenga inaongea."